Kula Kwanza, Usinisubiri

Kazini walimwita Bi Mpangilio, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Alikuwa fundi wa mifumo ya tovuti katika ofisi iliyokuwa juu ya duka la rangi, mahali ambapo hata chai ilikuwa na harufu ya rangi. Ukiweka kitu pasipo pake kwenye programu, hakukufokea. Alikuvutia kiti, akakukalisha kando yake, akakuuliza taratibu, "Hiki kinafanya nini hapa?" mpaka ukatamani bora angekutukana yaishe. Wenzake walimsengenya kila siku, lakini waliinua macho kwanza kuangalia kama mlango umefungwa.

Ofisi ile ilijenga mifumo yake juu ya kiunzi kimoja, yaani programu inayokuja na vyumba vyake tayari, kazi yako ikiwa ni kuvijaza. Vyumba ni vitatu. Kuna mwonekano, ambao ni vile vitufe, picha na maandishi unavyoviona. Kuna modeli, inayotunza taarifa zenyewe. Na katikati kuna kidhibiti: ukibonyeza kitufe, kidhibiti kinapokea, kinakwenda kuiuliza modeli, kinarudi na jibu na kulipeleka kwenye mwonekano ulione. Wageni wengi wa kazi hii hununa wakisikia hivyo. Huuliza kwa nini mambo yazungushwe namna hiyo, kwa nini kitufe kisichote chenyewe kinachotakiwa. Yeye hakuuliza. Alielewa siku ya kwanza, kwa sababu baba yake alikuwa mtunza stoo.

Baba yake alitunza stoo ya vipuri kiwandani mpaka alipostaafu. Mbele palikuwa na dirisha dogo la nondo. Nyuma ya dirisha alisimama karani. Nyuma ya karani, kwenye giza lenye harufu ya grisi, ndipo ilipokuwa stoo. Fundi wa mashine alikuja dirishani akasema anataka beringi, karani akaingia, akaileta, akaiandika, akampa. Hakuna aliyevuka. Siku moja meneja mwenyewe alijaribu kupita, kisa ni meneja, na mzee akamsimamisha mlangoni na kumwambia, "Hakuna mtu kuingia stoo, bosi. Wakiingia wawili leo, kesho hatutajua kilichomo." Meneja akarudi dirishani kama watu wengine. Hadithi hiyo ilisimuliwa nyumbani mara nyingi sana, na kila ikisimuliwa meneja alizidi kuwa mnene.

Kwa hiyo Bi Mpangilio alipowafundisha wapya alisema hivi: "Dirisha, karani, stoo. Dirisha halijui kilichomo stoo, na stoo haijui nani yuko dirishani. Na wewe, mpenzi wangu, umeenda kuweka beringi dirishani." Watu wakacheka, kazi ikaendelea.

Sasa kuhusu wazazi wake kuna jambo moja la kujua. Hawakuwahi kula mmoja bila mwingine. Mama alipika, akapakua, akafunika sahani, akakaa mezani mikono mapajani akimsubiri mumewe, hata kama njaa ilikuwa inamuuma. Mzee naye, akichelewa kiwandani, hakugusa hata kipande cha mkate njiani. Zilikuwepo siku walizokula wamenuniana, kila mmoja akiangalia upande wake, chumvi ikiombwa kupitia kwa watoto. Lakini walikula pamoja.

Kisha ugonjwa wa kusahau ukamwingia mama. Ulianza kwa mambo ya kuchekesha, chungu kitandani, miwani ndani ya kabati la sukari, na wote wakacheka pamoja naye. Halafu akapotea kwenye mtaa alioishi miaka yote, na hakuna aliyecheka tena. Mzee akawa ndiye macho yake na kumbukumbu yake. Alimwongoza kwa utani, akimwambia huyu ni fulani, yule ni fulani, usimsalimie sana yule, ana maneno mengi. Mambo yakaenda hivyo, si haba, mpaka mapafu ya mzee yalipogoma na akalazwa.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipokuja. Mama alibaki nyumbani na mdogo wake, yule ambaye watoto walimwita mama mdogo, mjane mwenye mdomo mkali na moyo laini. Chakula kikapikwa, kikapakuliwa, kikafunikwa. Mama akakaa. "Baba yenu hajarudi," alisema. Jioni sahani ilikuwa bado imefunikwa. Kesho yake vilevile. Ukimwambia mumewe yuko hospitali alishtuka, akataka viatu aende, na akiwa anavitafuta viatu alisahau anavitafutia nini, akarudi mezani kusubiri.

Binti yake, Bi Mpangilio, akafanya kile alichokijua kufanya. Alimjengea mama mfumo mdogo na kuufungua kwenye tableti iliyosimamishwa mezani kwa kuegemezwa kwenye kopo la majani ya chai. Zilikuwa sura kubwa tu. Ukiigusa sura, yenyewe inakwambia ni nani, kwa sauti yake mwenyewe. Kaka yake mkubwa, aliyefanya kazi mji mwingine, aliweka sauti yake. Mama mdogo aliweka yake huku akilalamika kwamba picha imemnenepesha. Jirani wa mlango wa pili naye akaomba awemo.

"Na wewe?" kaka alimuuliza kwenye simu. "Mbona sikuoni?"

"Mimi?" Alicheka. "Mama anisahau mimi, ninayemwogesha? Acha hizo, kaka."

Sauti ya mzee aliirekodi wodini. Alimfungulia mfumo kwenye simu yake, akamwonyesha kitufe cha kubonyeza, na sauti ikawa inaingia moja kwa moja stoo, haibaki kwenye simu. Ndivyo alivyotaka. Kila kitu stoo, hakuna kitu kuzagaa. Mzee alivua kile kibomba cha hewa puani, nesi akamgombeza, naye akamwomba kwa ishara ya mkono amvumilie. Akajiweka sawa kitandani kama mtu anayepigwa picha. Akakohoa, akasema, "Mama watoto. Mimi nimetoka kidogo. Kula kwanza, usinisubiri." Kisha akacheka kidogo, kwa sababu katika ndoa yao yote hakuwahi kumwambia mkewe maneno hayo.

Alikufa wiki hiyohiyo. Siku ya mazishi mama alikaa mstari wa mbele, na kwa sauti ya chini, kwa adabu ya mtu asiyetaka kuwaudhi wafiwa, akamuuliza mama mdogo aliyekufa ni nani.

Waliamua kutomwambia tena. Kila wakimwambia ingekuwa msiba mpya, na nani ana moyo wa kumfisha mtu kila siku? Ikabaki tableti. Mchana chakula kilifunikwa, mama akauliza, "Baba yenu hajarudi?" Mama mdogo akasogeza kidude karibu. Mama akaigusa sura ya mumewe na kidole kimoja, akasikiliza, akasonya. "Mwanaume huyu na kazi zake!" Akafunua sahani, akala. Akala vizuri, akaramba na vidole. Binti yake alikuwa akipiga simu kila mchana kutoka ofisini kuuliza swali moja tu, na mama mdogo alijibu hata kabla hajaulizwa: "Amekula."

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Mama mdogo alikuwa ameomba chini ya kila sura iandikwe namba ya simu, maana miwani yake na kitabu cha namba havikuwahi kupatikana siku moja. Kazi ndogo. Bi Mpangilio aliamua kuimaliza ofisini kabla ya kikao. Jedwali la sura liongezwe safu moja ya namba, basi.

Kiunzi kile kina amri mbili za kazi hiyo. Moja inaongeza safu na kuacha vyote vilivyomo vilivyo. Nyingine inavunja majedwali yote na kuyajenga upya, matupu, kwa ramani mpya. Hiyo ya pili si ya ajabu. Mafundi huitumia kila siku kwenye mashine zao, ambako majina ni ya uongo na hakuna wa kuumia, na vidole vyake viliiandika bila kumuuliza. Tatizo ni kwamba alikuwa amefungua kwenye kompyuta madirisha mawili meusi ya kuandikia amri, yanayofanana, moja la mashine yake, jingine la seva yenye mfumo wa mama. Aliandika kwenye lile jingine.

Ungekuwa mfumo wa mteja, kiunzi kingemsimamisha mlangoni. Kingemwambia hapa kuna taarifa za watu, una uhakika? Huwa kinauliza hivyo pale ulipokiambia kwamba huu ni mfumo wa kweli. Lakini siku aliyoujenga ule wa nyumbani alikuwa na haraka, hospitali na kazi vimemfika shingoni, na kwenye mipangilio akaandika kwamba ni wa majaribio. Ni mama tu, alijiambia. Kwa wateja kulikuwa na nakala za akiba kila siku. Kwa mama hakuweka. Ni mama tu.

Amri ikafanya kazi kufumba na kufumbua, ikamrudishia mistari ya kijani kuonyesha kila kitu kimekwenda vizuri. Alishaanza kuinuka kwenda kikaoni alipoliona jina la seva juu ya dirisha. Akakaa tena. Akauliza jedwali la sura lina nini. Likamjibu halina kitu. Akauliza tena, kwa namna nyingine, kama mtu anayepapasa mfuko aliokwisha kuupapasa.

Mchana ulimkuta bado hapo, simu ikalia. "Mwanangu," mama mdogo alisema, "hiki kidude chako kimeingiwa na nini? Sura zipo, hazisemi. Mama yako anamgusa baba yako, kimya. Anamgusa tena, kimya. Chakula kinapoa."

Tableti ilikuwa bado imeshikilia ukurasa wa asubuhi. Dirisha lilikuwepo, karani alikuwepo, alikwenda na kurudi mikono mitupu kila alipotumwa.

"Niko njiani," alisema, akarudi kuliuliza jedwali.

Wenzake walikuja mmoja mmoja. Wale wale waliomsengenya walileta viti, wakamzunguka, wakajaribu kila walichokijua. Mkuu wa ofisi aliwapigia simu waliowakodishia seva, na mtu mpole wa upande wa pili akaeleza kwamba huduma ya nakala ipo, ni kisanduku cha kuwekewa alama tu, na kwa bahati mbaya hakikuwekewa. Sura zilirudishwa siku hiyohiyo, picha zilikuwa nyumbani kwenye albamu. Kaka akarekodi tena. Mama mdogo akarekodi tena, na jirani. Kila mtu alirudi isipokuwa mmoja.

"Nimeingia stoo," Bi Mpangilio alisema, akiutazama weusi wa lile dirisha. "Hakuna mtu kuingia stoo, na mimi nimeingia." Mmoja akamletea chai, akaiacha ipoe.

Nyumbani mama hakugundua kwamba kuna kitu kimepotea. Alichogundua ni kwamba mumewe amemnyamazia. Alipangusa uso wa ile tableti kwa ncha ya nguo yake, polepole, akaanza kusema naye. "Umekasirika? Nimekukosea nini? Niambie basi." Mama mdogo, mwenye majibu ya kila kitu, aliifunika sahani upya. Sahani zikawa zinafunikwa na kufunuliwa na kumwagwa. Mikono ya mama ikaanza kuonyesha mifupa. Daktari alisema mtu wa umri ule hana akiba mwilini ya kuchezea, ale kwa njia yoyote ile.

Binti akaomba ruhusa kazini, akakaa naye mezani. "Mama, ni mimi. Mimi binti yako. Baba amesema ule kwanza."

Mama alimtazama na kurudisha kiti nyuma kidogo. "Binti yangu yuko shule," alisema. "Ni mdogo bado. Anarudi saa hizi, atakukuta hapa aogope."

Binti alitoka akasimama kwenye korido, akauuma mkono wake asisikike. Alilia kama mtoto yule aliyekuwa anasubiriwa kutoka shule. Kwenye tableti mama alikuwa na mtoto mmoja tu, na hakuna mwingine wa kulaumiwa kwa hilo.

Kaka mkubwa alikuja mwisho wa juma. Yeye alikuwa na sauti ya baba yao, watu walikuwa wakiwachanganya kwenye simu tangu alipobalehe na sauti yake kuwa nzito. Wazo lilikuwa la mama mdogo, na hakuna aliyelipenda, na hakuna aliyekuwa na jingine. Kaka aliingia chumbani, akafunga mlango. Akakohoa vilevile. Akasema maneno yaleyale, akacheka kidogo mwishoni, halafu akatoka macho mekundu, akampa mdogo wake simu. Yeye akaiweka sauti ile mahali pake, kwenye sura ya baba. Hakuna siku aliyoweka kitu pasipo pake akijua, ila siku hiyo.

Mchana walikaa wote mezani. Mama akagusa sura. "Mama watoto. Mimi nimetoka kidogo. Kula kwanza, usinisubiri."

Mama aliinamisha kichwa kusikiliza. Akagusa tena, akasikiliza mpaka mwisho, mpaka kile kicheko. Roho zao zote zilikuwa mkononi.

"Huyu ni mwanangu mkubwa," alisema.

Akaisogeza tableti mbali kidogo.

"Kwa nini anasema maneno ya baba yake?" Aliwatazama mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu macho yake yalikuwa yanaona hasa. "Baba yake amekufa?"

Mama mdogo aliinuka, akaenda jikoni, akafungulia maji bila sababu. Kaka alitazama chini. Ikabidi binti ajibu.

"Ndiyo, mama."

Mama alilia kama mke aliyefiwa muda huohuo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hakupiga kelele. Alijikumbatia mwenyewe, akayumba, machozi yakamlowesha mpaka kifuani, na wanawe wakamshika kila mmoja upande wake. Baada ya muda akainua uso.

"Alikuwa amekula?"

Ukweli ni kwamba siku zake za mwisho mzee hakuweza kumeza kitu. "Alikula, mama," binti alisema. "Uji. Aliumaliza."

"Peke yake?"

"Na mimi. Nilikula naye."

Mama akaitikia kwa kichwa, akamshika mkono akaubana. Siku hiyo nayo hakula. Usiku akalala, na usingizi ukafuta yote.

Kaka aliifuta ile sauti kabla ya kupanda gari. Binti akaiondoa na sura ya baba, akabaki ameishika tableti iliyopungua mtu. Mchana uliofuata mama mdogo alipakua, akafunika, akaenda zake kufua, maana alikuwa amechoka kutazama. Binti akaingia chumba cha kulia. Mama alikuwa amekaa mikono mapajani, na alipomwona alimpa tabasamu lile la wageni.

"Karibu. Mwenye nyumba ametoka, lakini hatakawia. Wewe ni nani, mwenzetu?"

Neno binti lilimfika mpaka kwenye meno. Alikumbuka kile kiti kilivyorudi nyuma. Akalimeza.

"Mimi ni fundi, mama. Wa hiki kidude."

"Ah, fundi! Afadhali umekuja. Kimeharibika."

"Najua. Mimi ndiye niliyekiharibu."

Mama alicheka, kicheko chake chenyewe, cha zamani. "Fundi anayekiri! Hao siku hizi hawapatikani. Na kitapona?"

"Hapana, mama. Hakitapona."

"Basi usijitese," mama alisema. Akamwangalia vizuri, mashavu, macho yaliyovimba. "Umekula?"

"Bado."

"Tangu lini?"

Hakukumbuka. Mama akatikisa kichwa, akaifunua sahani. "Kaa. Mume wangu akisikia nimemwacha fundi na njaa ndani ya nyumba yake, leo hatutalala." Akaugawa wali katikati kwa kijiko, akaliangalia fungu lililo kubwa zaidi, akalisogeza upande wa mgeni. Mgeni alipokuwa hajaanza, naye hakuanza. Alimsubiri.

Binti akachukua kijiko. Tonge la kwanza alilisukuma kwa maji. Mama naye akala. Alikula taratibu, kisha kwa hamu, na katikati ya kutafuna akauliza, kama watu wanavyouliza mezani ili kusiwe kimya:

"Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Anakula vizuri?"

Kijiko chake kilisimama. Mama alikuwa anamsubiri ajibu, punje ya wali imemganda kwenye mdomo.

"Leo," alisema, "leo amekula."